Kansa ya Utumbo Haingojwi Ikomae

Mkulima ye yote wa migomba katika Wilaya za Bukoba na Muleba anaujua ugonjwa wa mnyauko. Ulipoingia Muleba mwaka 2006 ulifundisha somo zito: kwamba mgomba unaoonekana mzima kwa nje waweza kuwa umekwisha oza ndani, na kwamba mwenye kibanja anayengoja hadi ndizi ziive kabla ya wakati wake hutambua maradhi pale ambapo shina la pili na la tatu yamekwisha ambukizwa. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo waliwahimiza wakulima kuikagua migomba mara kwa mara, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kupitisha panga motoni, na kuukata mapema mgomba mmoja uliougua ili kibanja kizima kipone.

Iko kansa moja ambayo tabia yake haiko mbali na hiyo, nayo ni kansa ya utumbo mpana. Mwanzo wake, mara nyingi, si kansa hata kidogo. Ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, pengine kidogo kama punje ya ulezi, pengine kikubwa kama buni ya kahawa. Kinyama hicho hakiumi, hakimzuii mtu kulima wala kula, na vingi vya namna hiyo havigeuki kuwa kitu cho chote cha hatari. Lakini vichache huendelea kukua, na katika muda ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa miaka 10 au zaidi, hugeuka kuwa kansa, ikatoboa ukuta wa utumbo, ikashika tezi, ikafika kwenye ini. Miaka 10 ni muda mrefu. Ni nadra kwa ugonjwa wa kufisha kumpa binadamu nafasi kubwa kiasi hicho ya kuukata ungali mchanga. La kusikitisha ni kwamba nafasi hiyo, kwa wananchi walio wengi, hupita bila ya mtu hata mmoja kuuchungulia utumbo wao.

Imani moja kongwe imechangia sana uzito huo, nayo ni imani kwamba kansa ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu. Imani hiyo haikutoka hewani. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 baada ya Vita Kuu ya Pili, aliona kwa macho yake kwamba kansa hiyo ilikuwa adimu miongoni mwa watu wa vijijini, na mwaka 1971 aliandika makala mashuhuri akiuhusisha uadimu huo na chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Burkitt hakukosea kuhusu yale aliyoyaona. Waliokosea ni wale walioichukua habari ya wakati mmoja wakaifanya kuwa sheria ya milele, hata leo kijana wa Kamachumu akienda na damu kwenye choo chake, jina la kansa huwa la mwisho kutajwa, kama linatajwa.

Takwimu za Kanda ya Ziwa zenyewe zimekwisha ikanusha imani hiyo. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 332 wa kansa ya utumbo mpana waliohudumiwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza ambayo ndiyo kimbilio la wagonjwa wa Kagera. Umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 46. Yaani karibu nusu yao walikuwa hawajafika hata umri huo. Walio wengi mno walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha enea. Yafaa kulinganisha: nchini Marekani, wataalamu waliamua mwaka 2021 kwamba watu wasio na dalili yo yote waanze kupimwa utumbo wakiwa na miaka 45. Kama kanuni hiyo ingechukuliwa kama ilivyo na kuletwa Bukoba, sehemu kubwa ya wagonjwa kama wale wa Bugando wangekuwa wamekwisha ugua kabla ya siku ya kuitwa. Kanuni ya kuazima haitoshi, hasa inapotoka kwa watu wenye umri na hali nyingine.

Hebu afikiriwe mkulima wa Nshamba mwenye miaka 43, aliyeanza kuona damu. Kwanza hunyamaza, kwa kuwa habari za choo si mazungumzo ya mtu mzima barazani. Baada ya miezi michache huambiwa na rafiki kwamba hiyo ni bawasiri, akapewa mizizi ya kuchemsha. Damu hupungua, halafu hurudi. Huenda zahanati, akapewa dawa ya minyoo au ya amiba. Kama yeye ni mvuvi wa Goziba au Bumbire hupewa dawa ya kichocho, na kwa haki kabisa, kwa maana kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa ukanda wa ziwa, nacho pia hutoa damu. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyefanya ujinga. Bawasiri ipo, minyoo ipo, kichocho kipo, na kila kimoja ni cha kawaida kuliko kansa. Kosa liko mahali pengine: hakuna aliyemwambia mkulima yule kwamba damu ikirudi baada ya dawa, basi swali limebadilika, na sasa si la kupewa dawa nyingine bali la kutazamwa ndani.

Kutazamwa ndani ndiko kunakoitwa kolonoskopia. Mgonjwa hunywa haluli hadi utumbo uwe safi, kisha daktari huingiza kwa njia ya haja kubwa mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha yake, akauongoza polepole hadi mwisho wa utumbo mpana, umbali wa kama mita moja na nusu. Ndani ya mpira huo mna kijia ambamo hupitishwa kitanzi cha waya. Kinyama kikionekana, hunaswa kwa kitanzi na kukatwa hapo hapo, bila ya kupasua tumbo. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walionyesha mjini New York mwaka 1969 kwamba jambo hilo lawezekana, na tangu hapo chombo cha kutazamia kikawa pia chombo cha kuzuia. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulikadiria kwamba watu waliokatwa vinyama kwa njia hiyo walipata kansa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. Hesabu za baadaye zimekuwa za kiasi zaidi, hasa pale watu walipoitwa na wengi wasiende, lakini msingi wake haujatikiswa: kilichokatwa kikiwa kinyama hakiwi kansa.

Lakini kukata hutanguliwa na kuona, na kuona si jambo jepesi kama wengi wanavyodhani. Utumbo una mikunjo, na nyuma ya kila mkunjo mna kivuli. Vinyama vingine havisimami kama uyoga. Hulala bapa, vikawa na rangi ile ile ya ukuta vilipoota. Tafiti ambamo mgonjwa mmoja alitazamwa mara mbili mfululizo zimeonyesha, zilipojumlishwa mwaka 2019, kwamba jicho la daktari huacha nyuma karibu robo ya vinyama vyenye uwezo wa kugeuka. Huyo ni daktari aliyefunzwa, mwenye chombo kizuri, katika nchi tajiri.

Kwa sababu hiyo pamezuka ufundi wa kulisaidia jicho. Ulio wa zamani zaidi ni wa rangi. Daktari hunyunyiza ukutani mwa utumbo rangi ya jamii ya nili. Rangi hiyo hainywewi na nyama. Hutuama katika vijifereji, na kinyama bapa ambacho kilikuwa hakionekani hujichora mipaka yake kama kisiwa maji yanapokupwa. Iko rangi ya pili, buluu ya methili, ambayo nyama nzima huinywa na nyama iliyoanza kuharibika huikataa, ikabaki na madoa yaliyopauka.

Rangi hiyo ya pili si mgeni Kagera. Katika maabara za vifua kikuu, mtaalamu huipaka kwenye kioo ili wadudu wa ugonjwa huo, waliokwisha paliwa wekundu, waonekane dhahiri juu ya uwanja wa buluu. Robert Koch, Mjerumani aliyemtambulisha mdudu wa kifua kikuu kwa ulimwengu mwaka 1882, aliitumia rangi ya jamii hiyo hiyo kumwonea. Naye ndiye aliyekuja baadaye, mwaka 1906, kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, kaskazini ya Bukoba. (Isidhaniwe kwamba chupa ya maabara yaweza kuchukuliwa rafuni na kumiminwa tumboni mwa mtu, iko ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili, na ndiyo peke yake inayofaa.) Maana ya habari hii ni kwamba ufundi huo una miaka mingi, haudai umeme wala hati ya ununuzi kutoka ng'ambo yenye tarakimu nyingi, na akili iliyo nyuma yake imekwisha zoeleka nchini.

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika kliniki za akina mama. Katika hospitali na vituo vya afya vya nchi hii muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe mbele ya macho yake. Mama hutibiwa, mara nyingi siku hiyo hiyo. Haikungojwa mashine ya ajabu. Siki, pamba, taa na muuguzi aliyefunzwa vimewaokoa wanawake ambao, laiti wangengoja daktari bingwa, wangefika kwake wakiwa wamechelewa. Utumbo mpana hauko karibu na mkono kama mlango wa kizazi, na hapana awezaye kudai kwamba kazi yake ni nyepesi sawa. Lakini kanuni ni ile ile: kilichojificha kipakwe kitu kitakachokifichua.

Baada ya rangi ulikuja mwanga. Katikati ya miaka ya 2000 zilitoka kamera ambazo kwa kubonyeza kitufe huondoa sehemu kubwa ya mwanga mweupe na kubakiza wa buluu na wa kijani tu. Damu huunywa mwanga wa rangi hizo, kwa hiyo mishipa midogo ya damu huonekana myeusi, na kwa kuwa kinyama kinachokua hujijengea mishipa yake, hujisaliti. Mwisho ikaja akili unde. Tangu mwaka 2021 imeidhinishwa Marekani mashine inayoitazama picha pamoja na daktari, na kila inapohisi kinyama hukizungushia kisanduku chenye rangi kwenye kioo. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba kwa msaada huo madaktari huona vinyama vingi zaidi, ingawa sehemu kubwa ya ziada hiyo ni vile vidogo kabisa.

Hapo ndipo penye hatari ya fikra. Mashine mpya ina mvuto. Hupigwa picha, hukatiwa utepe, huandikwa magazetini, na muuzaji wake huwa na ulimi laini. Ni rahisi mkoa kuamini kwamba ukiipata hiyo umeipata tiba. Ukweli wa tafiti hauendi hivyo. Mwaka 2006 kilichapishwa nchini Marekani kipimo rahisi mno, cha saa ya mkononi tu: madaktari waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi wakiurudisha mpira nyuma huku wakitazama walikuta vinyama katika wagonjwa 28 kati ya kila 100. Wenye haraka waliviona katika wagonjwa 12. Chombo kilikuwa cha aina moja, na mashine haikubadilishwa. Tofauti ilikuwa subira. Na mwaka 2025 ikaja habari kutoka Poland yenye kutia wasiwasi zaidi. Madaktari waliokwisha zoea kusaidiwa na akili unde, walipofanya kazi bila ya msaada huo, waliona vinyama katika wagonjwa 22 kati ya 100, ilhali kabla ya mazoea hayo walikuwa wakiviona katika 28. Jicho lililozoea kuonyeshwa huacha kutafuta. Katika mkoa ambao mashine ikiharibika fundi wake hutoka mbali, hilo si jambo la kupuuzwa.

Kwa hiyo swali linalowahusu wananchi wa Bukoba na Muleba si mashine ipi iliyo mpya zaidi. Ni nani atatazama, atatazama kwa utulivu gani, na nani atatazamwa. Daktari na wauguzi wawili waliofunzwa vyema Muhimbili au Bugando, wakarudi Kagera na kuachwa katika kazi hiyo bila ya kuhamishwa kila mwaka, wakiwa na mipira miwili ili mmoja ukioshwa mwingine utumike, na chupa za rangi kabatini, watagundua zaidi kuliko chumba chenye kioo cha thamani ambacho aliyejifunza kukitumia amekwisha kwenda wilaya nyingine. Uoshaji wenyewe ni kazi ya ujuzi: mpira usiposafishwa kwa dawa yake na kwa maji safi hubeba maradhi ya mgonjwa mmoja kumpelekea mwingine. Muuguzi anayeuosha apewe heshima sawa na mwenye kuushika.

Wala haifai watu wote waitwe kutazamwa. Mkoa hauna uwezo huo, na watu wazima wenye afya wangejaza nafasi ya wale wanaotoka damu. Waanze hao. Zahanati na vituo vya afya viwe na agizo moja fupi, lililobandikwa ukutani: mtu ye yote aliyetibiwa minyoo, amiba, kichocho au bawasiri, na damu ikarudi, au aliyepungukiwa damu pasipo sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa huku akikonda, huyo asipewe dawa ya tatu. Achunguzwe kwa kidole, jambo ambalo linachukua dakika moja na ambalo huonewa aibu bure na pande zote mbili, kisha aandikiwe barua. Hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, ambazo zimewahudumia wananchi wa Muleba vizazi kwa vizazi, ndizo daraja la kawaida kati ya kijiji na mkoa, na ndiko barua hizo zingeanzia. Na aliyewahi kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyekufa kwa kansa ya utumbo aseme hivyo bila ya kungoja kuulizwa, maana hatari yake ni kubwa kuliko ya jirani.

Kuhusu gharama, Bunge lilipitisha mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Yafaa kipimo cha mtu anayetoka damu kihesabiwe katika mafao ya msingi kabisa, kwa sababu kukata kinyama ni kazi ya asubuhi moja, lakini kansa iliyoenea hudai upasuaji, dawa za miezi, mionzi, na mara nyingi ng'ombe na shamba, na mwisho mgonjwa bado hufa.

Liko jambo moja dogo ambalo mipango mikubwa hulisahau. Haluli haisafiri. Mtu aliyeinywa hawezi kupanda basi la Muleba kwenda Bukoba, seuze la kwenda Mwanza, hata baada ya Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 kuifupisha safari hiyo. Wala mvuvi wa Ikuza hawezi kuinywa ndani ya mtumbwi. Atainywa nusu, au atainywa akiwa amechelewa, na daktari atakuta utumbo mchafu ambao hakuna rangi, mwanga wala akili unde itakayouona ndani yake. Atarudishwa nyumbani, naye hatakuja tena. Basi kabla ya kununuliwa kioo cha gharama, pajengwe karibu na hospitali nyumba yenye vitanda kumi, maji ya kutosha na vyoo vinne safi, pamoja na mhudumu wa kuwaeleza wageni kwa Kiswahili na kwa Kihaya wanywe kiasi gani na saa ngapi, ili kila anayelala humo aamke akiwa tayari kutazamwa.